Mrija wa Mpira

Apolonia mwanangu,

Salamu sikuandikii. Watu huandikiana salamu wakiwa mbali, na wewe uko hatua kumi na tano kutoka hapa, nakusikia unabishana na mama yako juu ya kikapu. Yeye anataka ubebe chungu cha pili, wewe hutaki. Kibebe tu, yaishe. Mpaka kesho asubuhi atakuwa anakufundisha namna ya kuwasalimu wakwe, namna ya kuweka chumvi isiloe, namna ya kunyamaza na namna ya kutonyamaza, na yote ni kweli, kwa hiyo mimi hayo siyagusi.

Nimejifungia ghalani tangu jua lilipopinda. Nimewaambia nachagua mbegu za maharage. Kuku mmoja ameingia nami, hataki kutoka, na kalamu hii niliyopewa misheni inachuruza wino kila ninapoinamisha mkono. Hii ni karatasi ya tatu. Ya kwanza niliichafua. Ya pili niliichana kwa hasira, maana nilijikuta naandika habari za mvua. Baba mzima, mvi kichwani, binti yake anaondoka kesho kwenda kwa mumewe Kilosa, naye anamwandikia habari za mvua!

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema juzi.

Juzi jioni mjomba wako Kobelo alipofika kutoka mjini kuja kukuchukua, alinyoosha mkono akupokee taa. Ukairudisha nyuma, ukamwambia, "Wewe na moto tena, mjomba? Utatuchoma kama ulivyochoma mbao za Mzungu." Watu wakacheka. Mama yako akacheka, na Kobelo ni kaka yake wa tumbo moja. Kobelo mwenyewe akacheka, maana ni mtu wa utani, akasema, "Haya, mpwa wangu, baki nayo." Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Hukukosea wewe. Ulisema ulichofundishwa, na aliyekufundisha ni mimi. Mbao zile hakuzichoma Kobelo. Nilizichoma mimi.

Haya, limeandikwa. Miaka sita nimelibeba, nikidhani siku nitakayolitoa mkono utakauka. Mkono haukukauka. Kuku bado ananitazama.

Sasa nivumilie nikueleze tangu mwanzo, maana neno hili ukilisikia nusu utanihurumia, na sitaki.

Wakati ule ulikuwa mdogo, wa kuchota maji kwa kibuyu. Mimi na mjomba wako tulikuwa tunafanya kazi kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa na mashine ya kupasua mbao kule chini, milima inapoishia. Tulimwita Bwana Msumeno. Injini yake ilikunywa mafuta ya taa. Tangi lilikaa juu, injini chini, na kati yake ulipita mrija wa shaba, mwembamba kama kidole chako cha mwisho, ukiteremsha mafuta kidogo kidogo. Kichwa cha injini lazima kiwe cha moto sana ndipo ingurume, kwa hiyo chini ya kichwa iliwashwa taa kubwa ya kukipasha, ndimi zikitoka kwa nguvu. Tazama mwenyewe: mafuta juu, moto chini, na katikati ni mrija tu.

Na mrija ule, mwanangu, ulinitesa. Injini ilitetemeka kama mtu mwenye homa, na kila baada ya siku chache mrija ulipasuka shingoni, palepale, chini ya nati. Kazi ya kuutengeneza nilipewa mimi, eti kwa kuwa niliwahi kumsaidia bruda wa misheni kulehemu sufuria. Basi nafunga koki. Namwaga mafuta kwenye debe. Nati ya juu inafunguka, ya chini imeganda. Nagonga, inakataa. Napaka mafuta, nangoja, najaribu tena, ufunguo unateleza, ngozi ya vidole inabaki kwenye chuma. Nautoa mrija, naulehemu, naurudisha. Siku ya tatu umepasuka tena! Nilianza kuota nati. Mama yako aliniambia natukana usingizini, tena kwa majina.

Bwana Msumeno akaandika Ulaya aletewe mrija mpya. Ulaya! Barua iende kwa meli, mrija uje kwa meli, upande gari la moshi mpaka Morogoro, kisha mpagazi aulete. Miezi hiyo. Na mbao zilikuwa zinangojwa. Kila asubuhi alikuja na kofia yake akaniuliza, "Tayari?" Kiswahili chake kilikuwa kibovu, lakini neno hilo alilitamka kama mtu wa pwani. Nalichukia mpaka leo. Mama yako akiniuliza kama kuni ziko tayari, natamani kwenda kulala.

Hapo ndipo nilipopata akili, au nilichokidhani akili. Ujana wangu niliumalizia msituni nikigema mpira wa porini, ule wa kamba zinazopanda miti. Hakuna mwanamume wa rika langu asiyeujua utomvu ule. Nikasema, shaba inapasuka kwa sababu ni ngumu, inashindana na mtetemo. Mpira hautashindana. Nikachukua kijiti cha tete kilichonyooka, nikakipaka majivu, nikakichovya kwenye utomvu, nikakikausha juu ya moshi, nikakichovya tena. Siku tatu nzima, chovya, kausha, chovya, kausha. Mwishowe nikavuta tete polepole, mrija ukabaki mkononi. Mweusi, laini, ukiukunja unarudi. Wewe mwenyewe uliuchezea. Uliweka ncha moja mdomoni kwako, nyingine sikioni kwangu, ukaniita, "Baba! Baba!" mpaka nikaziba sikio.

Nikaujaribu. Na hapa ndipo lilipo kosa la kwanza, kosa la mtu wa milimani ambaye mpira ameujua kwa mvua maisha yake yote: niliujaribu kwa maji. Kutwa nzima yalipita humo, halikuvuja hata tone. Kwa mafuta sikuujaribu. Ningejaribu ya nini? Kwetu sisi mpira ni mpira, hauogopi kitu. Kumbe mafuta ya taa huula mpira. Hayautoboi. Huuingia ndani, ukavimba, ukalegea, ukawa kama bamia iliyochemka. Hilo sikulijua, na kutojua si dhambi. Lililofuata ndilo.

Nikaufunga siku ya Jumatatu, nikaubana kwa waya huku na huku. Injini ikanguruma, ikatetemeka, mrija ukacheza nayo tu. Bwana Msumeno akanipiga bega. Wapasuaji wakaniita Fundi Mpira. Kobelo, ambaye ndiye aliyekuwa mlinzi wa injini, akaniinua juu mbele ya watu wote akapiga kelele, "Shemeji yangu huyu! Dada yangu hakuolewa na mjinga!"

Wewe huwezi kujua lile lilikuwa nini kwangu. Mimi nilioa nikaja kukaa kwenye ardhi ya ukoo wa mama yako, kama ilivyo desturi yetu. Shamba la mama yako, kilima cha mama yako, watoto ni wa ukoo wa mama yako, na wewe ukitaka ruhusa kubwa unamwendea mjomba, si mimi. Sinung'uniki. Au nanung'unika, basi! Nikisema neno kikaoni wajomba zako hunijibu "Tumesikia," halafu wanaendelea na lao. Siku ile nilikuwa mtu. Siku mbili nilikuwa mtu.

Jumanne jioni, tulipozima injini, niliugusa mrija. Ukaninata kidoleni. Nikaubonyeza, ukabonyea, na alama ya kidole ikabaki palepale. Nikajua. Asije mtu akakudanganya kwamba baba yako hakujua. Nilijua kwamba kitu kile hakitaimaliza wiki. Nikafuta kidole kwenye suruali, nikaenda kula.

Kwa nini? Miaka sita najiuliza. Nilikuwa nimechoka, hilo moja. Kuurudisha ule wa shaba maana yake ni nati ileile, na "Tayari?" ileile, na Fundi Mpira ameishi siku mbili tu. Nikasema moyoni, kesho. Kesho nitasema.

Kesho yenyewe Bwana Msumeno akanituma juu msituni nikachague miti ya mkangazi. Nilipokuwa naondoka nilipita karibu na Kobelo, anapasha kichwa cha injini. Akaniambia, "Shemeji, mrija wako leo umenenepa." Alikuwa anacheka. Angalia nilivyopewa nafasi, Mungu mwenyewe amenifungulia mlango! Nikamjibu, "Umeshiba." Tukacheka wote wawili. Nikaenda zangu.

Nilikuwa juu mlimani nilipoona moshi. Mrija ulichomoka kwenye waya, mafuta yakamwagikia taa, banda likashika, mbao zikashika, zote, za miezi yote. Nilikimbia kuteremka mpaka nikaanguka mara mbili. Nikamkuta Kobelo nje, nywele zimeungua, mzima. Nikamshukuru Mungu. Shukrani yenyewe haikudumu.

Bwana Msumeno akatuita. Mrija haukuwapo tena wa kutazamwa, umeteketea wote. Akamwuliza Kobelo, "Umeuvuta wewe?" Kobelo akasema, "Hapana, Bwana, umechomoka wenyewe." Bwana akanigeukia mimi. "Mrija wako. Jana ulikuwa mzima?"

Watu wote wakanitazama. Kobelo naye alinitazama, bila wasiwasi wowote, maana alijua shemeji yake atasema kweli.

Nikasema, "Ulikuwa mzima, Bwana."

Wakampeleka bomani. Hamsa ishirini, mwanangu. Viboko ishirini na tano, kwa uzembe na kwa kusema uongo. Kati yetu wawili ni yeye aliyesema kweli, na ni yeye aliyepigwa kwa uongo.

Alilala kwetu wiki mbili, kifudifudi. Wewe ulikaa naye ukimfukuzia nzi kwa jani la mgomba, na mimi nilimpaka mafuta mgongoni asubuhi na jioni. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba nilimtetea kwa Bwana asifungwe minyororo. Haikuwa kweli, na sikukanusha. "Ahsante, shemeji," alikuwa akisema, uso kwenye mkeka. Siku moja ulinifuata nje ukaniuliza, "Baba, mjomba alifanya nini?" Nikakujibu, "Alizembea moto." Ukaenda kuwaambia wenzako kisimani, na kabla ya mwezi kwisha watoto wa kilima kizima walikuwa na wimbo wake. Uliuimba na wewe. Nilikusikia ukiuimba, nikaingia ndani.

Alipopona hakukaa tena huku. Alishuka mjini akaanza kubeba mizigo kituoni, na yupo hukohuko mpaka leo. Sisi husema Kobelo anapenda mji. Kobelo hapendi mji, Apolonia. Alikimbia wimbo.

Usidhani sikujaribu kusema. Nilijaribu alipooa. Nilijaribu tulipomzika bibi yako. Pasaka mbili nilijaribu, kila mara neno linafika kooni, halafu mtu anapitisha pombe, au mtoto analia, au Kobelo anaanza hadithi yake, nami namshukuru huyo mtoto. Nimeungama kwa padre. Padre akanipa sala, nikazisali zote, nikatoka kanisani mwepesi, na Kobelo akabaki mchoma mbao. Mficha uchi hazai, wanasema wazee. Mimi niliuficha mpaka ukanizalia wimbo.

Mumeo ni mtu wa mashine. Anatia kuni kwenye gari la moshi, na watu wa namna hiyo nawajua. Kuna siku atarudi nyumbani amenuna, hasemi kitu, anafuta kidole kwenye nguo. Usimwulize kama ameshindwa. Mwulize leo nini kimemsumbua, halafu ukae karibu naye, uchambue mchicha wako, mpaka aseme. Laiti mama yako angeniuliza hivyo Jumanne ile... La. Nalifuta hilo. Unaona ninavyofanya? Kobelo hakutosha, sasa nataka kumtwika mama yako.

Na si hilo tu. Acha nikwambie nilivyopanga nilipoanza barua hii. Nilipanga nikupe imefungwa, nikuagize kwamba mkishapanda gari la moshi, mkishavuka nyika ya Mkata, uifungue umsomee mjomba wako, maana yeye hajui kusoma. Mkata ni mbali, nikawaza. Hawezi kushuka akarudi kunikata panga. Nilijiona nina akili sana. Kumbe ni akili ileile ya mrija! Kobelo aliibeba kwa mgongo, sasa wewe uibebe kwa mdomo. Hata wiki moja ya ndoa haijaisha, ukae mbele ya mjomba wako umsomee aibu ya baba yako, ukimtazama usoni, na mimi niko huku nachuma maharage. Ebo! Mtu hajifunzi?

Yuko hapo nje, amekaa kwenye kigogo, anafunga mzigo wako. Nasikia anapiga mluzi. Umenikera kutwa nzima mluzi huo, na najua kwa nini umenikera. Naiweka kalamu chini. Nikiandika neno moja zaidi nitapata sababu ya kubaki.

Nimerudi. Ukiona alama za wino hapo juu, ni kuku, si mimi.

Nimemwambia. Yeye amekaa, mimi nimesimama. Nilisema yote, hata la kidole kunata, hata la "Umeshiba." Hakunikatiza. Alikuwa ameshika kamba ya mzigo wako, akaendelea kuishika. Nilipomaliza nilipiga magoti. Akasema, "Inuka, watu wataona."

Nikainuka, nikajifuta vumbi magotini. Kisha akaniuliza, taratibu, hata sauti hakuipandisha: "Wiki mbili ulinipaka mafuta, shemeji. Asubuhi na jioni. Hukupata nafasi?"

Nikatazama kiganja nilichompakia mafuta.

Afadhali angenipiga. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, hata shati nilikuwa nimelifungua, mjinga mimi. Hakunigusa. Alivuta kamba, akakaza fundo, akasema, "Kesho mpwa wangu nitamteremsha mwenyewe. Wewe usije. Sitaki kutembea kutwa nzima nikisikia hatua zako nyuma ya mgongo wangu. Na dada yangu umwambie kwa kinywa chako, leo." Nikasema sawa. Nikamwuliza juu ya barua hii. Akafikiri, akasema, "Mpe. Aijue kweli. Lakini asinisomee."

Basi mama yako anafuata, nikimaliza hapa. Naogopa kuliko nilivyomwogopa Kobelo.

Tangu posa yako ilipokubaliwa nilikuwa najiona nimesimama pale kituoni, nakupandisha, nakupa mkono dirishani, watu wanasema yule ndiye baba yake. Nililitaka hilo kuliko kitu chochote. Sasa limekwenda. Nimejaribu kumkasirikia Kobelo kwa ajili yake, nimejaribu kweli, nimeshindwa.

Asubuhi, kabla hamjaondoka, mpigie mjomba wako magoti, umpe shikamoo yake, umwombe radhi kwa neno la juzi. Usieleze mengi. Na ukifika kwa mumeo, watu wa huko wakikuuliza umeletwa na nani, wajibu kwa sauti. Sema umeletwa na mjomba wako, mtu wa kweli. Mimi usinitaje kwanza, mpaka wamjue yeye.

Mtaondoka alfajiri. Mimi nitakuwa mlangoni, sitavuka ua. Pale njia inapokata kona kwenye jiwe kubwa, kila anayeondoka hugeuka kutazama nyumbani. Geuka na wewe, nikuone uso. Lakini usiniite, mama. Ukiniita nitakuja mbio, na nimeshamwahidi.

Baba yako,
Yohane